Kabla ya Injini, Inama Utazame Sakafu

Basi la shule halizeeki kama basi la abiria. Basi la Mwanza kwenda Dar es Salaam huzeeka kwa kilometa. La shule huzeeka kwa kusimama. Linawashwa alfajiri, linasimama kona hii, linasogea kidogo, linasimama tena mtaa wa pili, mlango unafunguliwa na kufungwa, klachi inakanyagwa, breki inashikwa, kisha gari linapaki juani hadi mchana na kurudia njia ileile. Katikati ya safari hizo mbili sakafu inapigwa deki, maana mtoto mmoja amemwaga uji na mwingine ametapika. Miaka kumi ya maisha hayo ikipita, dashibodi inaweza kuonyesha kilometa chache za kumfurahisha mnunuzi, huku plaiwudi iliyo chini ya zulia la plastiki imelainika kama mkate uliochovywa kwenye chai.

Anayetaka kununua basi la shule lililostaafu aligeuze nyumba ya magurudumu anapaswa kuanzia hapo, kwenye sakafu. Desturi yetu ya kununua gari ni kinyume. Mnunuzi anakuja na fundi wake, boneti inafunguliwa, injini inapigwa resi, watu wananyamaza na kusikiliza, kisha bei inaanza kujadiliwa. Kwa gari litakaloingia kwenye daladala, desturi hiyo ina mantiki: injini ndiyo itakayoleta hesabu ya tajiri kila jioni. Kwa nyumba mambo yanageuka. Gari la kulala hutembea siku moja na kupaki siku ishirini. Injini yake inapumzika. Paa, sakafu, madirisha na kuta ndivyo vinavyofanya kazi usiku na mchana. Kwa hiyo thamani ya basi la kugeuza iko kwanza kwenye bodi, pili kwenye karatasi, na injini ni ya tatu. Anayepanga kinyume chake hununua gari mara mbili.

Lakini nani anahitaji nyumba ya namna hiyo Shinyanga au Geita? Swali hili huulizwa kwa kejeli, na kejeli yenyewe haikosi sababu. Nchini Marekani kuna jamii nzima ya watu wanaonunua mabasi ya njano ya shule na kuishi humo, wengine kwa kupenda safari, wengine kwa kushindwa kodi ya nyumba. Rangi yenyewe ina historia: mwaka 1939 Frank Cyr aliwakutanisha wataalamu katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, wakakubaliana juu ya njano hiyo kwa sababu maandishi meusi juu yake husomeka hata katika mwanga hafifu wa alfajiri. Anayesikia hadithi za mabasi hayo akiwa Songwa, mkoani Shinyanga, anaona anasa ya watu walioshiba. Ndivyo ilivyo, mpaka atazame barabara inayopita mbele yake.

Ukanda huu umejengwa na watu wanaohama. Songwa, wilayani Kishapu, iko jirani na Mwadui, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, na mji mdogo wa Maganzo umekua kwa miguu ya watu waliokuja kutafuta bahati pembeni ya mgodi huo. Upande wa magharibi kuna Kahama, Bulyanhulu, Katoro, Nyarugusu, Rwamgasa na Geita yenyewe. Mgodi wa Buzwagi, nje kidogo ya Kahama, ulifunguliwa mwaka 2009 na uzalishaji wake ukakoma mwaka 2021. Kilichodumu kwa watu wengi waliouzunguka ni muongo mmoja na kidogo. Kwa wachimbaji wadogo mizunguko ni mifupi zaidi. Habari ya dhahabu mpya ikivuma, kunakuwa na rashi: wiki hii ni shamba la mtama, wiki ijayo kuna maduara, maturubai, mamantilie na muziki. Mwamba ukikata, watu wanafungasha. Pamoja na wachimbaji wanahama fundi wa makarasha, mchomeleaji, mpima sampuli, wachimba visima, mfanyabiashara wa mitumba, wakala wa pesa za simu. Hawa wanalala wapi? Chini ya turubai, au gesti ya mbao ambayo bei yake hupanda kadiri habari za dhahabu zinavyopanda.

Na kuishi ndani ya gari si jambo geni hapa. Malori ya mizigo ya Rwanda, Burundi na Kongo yanapita Kahama usiku na mchana. Dereva analala kwenye kebini, utingo anafungua sanduku la vyombo lililofungwa ubavuni mwa trela, anawasha jiko na kusonga ugali kwenye kivuli cha matairi. Hakuna anayewaita watalii. Tofauti kati yao na mwenye basi la kulala ni kwamba huyu wa pili anaweza kusimama wima ndani na kufunga mlango.

Basi lenyewe kwetu si lile refu la Marekani lenye pua, ambalo usukani wake uko kushoto. La kwetu ni Toyota Coaster, Nissan Civilian au Mitsubishi Rosa, na mengi yalitoka Japani yakiwa yameshatumika, mengine yakiwa mabasi ya chekechea yenye viti vidogo vya watoto. Coaster ya kizazi cha tatu, iliyoanza kutengenezwa miaka ya mwanzo ya 1990, ndiyo inayoonekana zaidi. Ile ndefu ina karibu meta 7 kutoka bampa hadi bampa na upana wa meta 2 na kidogo. Ukiondoa sehemu ya dereva na mlango, kinachobaki ni chumba kirefu chembamba kinachotosha vitanda viwili, meza, jiko na kabati. Si jumba. Lakini linganisha na hema.

Sasa turudi kwenye hoja, kwa sababu pingamizi lake kubwa liko wazi: injini ikifa porini, paa zuri litakusaidia nini? Jibu liko kwenye soko la vipuri. Coaster nyingi za kizazi hicho zinatumia injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita, isiyo na tabo wala kompyuta. Injini hiyohiyo imo ndani ya Land Cruiser, zile tunazoziita mkonga, ambazo migodi, halmashauri na mashirika yamezitumia kwa miaka mingi. Maana yake ni kwamba kati ya Shinyanga na Geita ni vigumu kukosa fundi aliyewahi kuifungua. Ikichoka kabisa, injini iliyotumika inaweza kuagizwa Dar es Salaam, ikaja juu ya lori na kufungwa ndani ya siku chache. Bodi haiagizwi hivyo. Mihimili ya chini ikishaliwa na kutu, na kingo za madirisha zikishaoza, hakuna duka linalouza ubavu wa Coaster ukabandikwa kama kiraka. Kitu kinachobadilishika kisipewe uzito kuliko kisichobadilishika. Dalali anayekupeleka kwenye boneti kwa haraka analijua hilo kuliko wewe.

Hii haina maana injini isitazamwe. Moshi wa bluu unasema inakula oili. Mweupe usioisha baada ya injini kupata moto unataka maelezo. Na 1HZ ina mkanda wa taimingi ambao Toyota hushauri ubadilishwe kila kilometa 100,000, kwa hiyo muuzaji asiyejua ulibadilishwa lini akubali kupunguza gharama ya mkanda mpya kwenye bei. Matoleo ya baadaye yenye injini za umeme mwingi yanaenda kwa ulaini zaidi, ila hayapendi dizeli ya kwenye madumu, na kwenye rashi dizeli ya madumu ndiyo iliyopo. Breki na usukani havimo kabisa kwenye mjadala wa nani wa kwanza. Hivyo viwe vizima au gari lisinunuliwe.

Ukaguzi wa bodi ni kazi ya kuchafuka. Zulia la sakafu lifunuliwe, si pale katikati ambapo muuzaji amesafisha, bali kwenye ngazi za mlango, juu ya magurudumu ya nyuma na chini ya siti ya mwisho, ambako maji ya deki hukimbilia. Bisibisi ikichomekwa kwenye plaiwudi na kuzama, mwulize bei ya sakafu mpya kabla ya bei ya gari. Halafu mtu alale chini atazame mihimili. Mabasi yaliyofanya kazi kaskazini mwa Japani yalipita barabara zinazomwagiwa chumvi ya kuyeyusha theluji, na chumvi hiyo huanza kula chuma kabla meli haijafika bandarini. Ukavu wa Shinyanga unalisaidia gari, lakini udongo mweusi wa mbuga unalisaliti: wakati wa masika hujibandika chini kama plasta na kushikilia unyevu kwa wiki nzima. Kuna pia ujanja wa puti na rangi mpya. Dawa yake ni sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Panapokuwa na chuma itanata, panapokuwa na puti nene itadondoka. Basi lililopigwa rangi wiki moja kabla ya kuuzwa lipimwe ubavu mzima.

Uzito ndio mahali ambapo wengi hujidanganya, na hapa basi la shule lina faida isiyosemwa. Wajapani hukadiria kilo 55 kwa kila abiria. Basi la watu 29 basi liliundwa kubeba karibu kilo 1,600 za binadamu, na sehemu kubwa ya uzito huo inakuwa huru viti vinapotoka. Tangi la maji la lita 200 ni kilo 200. Betri moja kubwa ya risasi ni kilo 25 hadi 30. Mtungi wa gesi wa kilo 15 ukiwa umejaa hukaribia mara mbili ya hapo, kwa sababu chuma chake nacho kina uzito. Hayo yote yanaingia bila shida, hadi seremala anapokuja na mninga. Mninga ni mbao ya heshima, lakini ndani ya basi heshima hiyo inapimwa kwenye mizani ya TANROADS: sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito, iliyoanza kutumika Tanzania Machi 2019, inayahusu magari ya kuanzia tani 3.5, na Coaster yenye mizigo yake iko juu ya hapo. Plaiwudi nyepesi na mbao za paini zinatosha. Tena vitu vizito vikae kati ya ekseli mbili. Nyuma ya magurudumu ya nyuma Coaster ina mkia mrefu, na tangi la maji likiwekwa huko linainua pua ya gari na kuufanya usukani uwe mwepesi kwa namna mbaya.

Umeme nao una mtego wake. Coaster ya dizeli iliyotoka Japani kwa kawaida ni ya volti 24, inayotokana na betri mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo. Taa, feni na friji ndogo za sola tunazouziwa madukani nyingi ni za volti 12. Fundi wa mtaani hupenda njia ya mkato: anavuta waya kutoka betri moja tu kati ya zile mbili. Taa zinawaka, kila mtu anafurahi, na baada ya miezi michache betri zote zimekufa kwa sababu moja inanyonywa kuliko mwenzake. Ni afadhali nyumba iwe na betri yake peke yake, ichajiwe na paneli za juu ya paa, na umeme wa gari ubaki wa gari. Paa lenyewe lipakwe nyeupe na kufungiwa kizuia joto kwa ndani, maana bati la basi katika jua la Kishapu mwezi Septemba ni kikaango. Na kuhusu moto: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama sakafuni, kwa hiyo kabati la mtungi liwe na tundu la chini linalotoka nje. Jiko la mkaa lisiingie ndani hata dakika moja, hata usiku wa baridi. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na chumba chembamba kilichofungwa madirisha hakimpi mtu nafasi ya kushtuka.

Maji ya kujaza tangi yanastahili neno. Tangu mwaka 2009 maji ya Ziwa Victoria yanasukumwa kutoka Ihelele, Misungwi, hadi Shinyanga na Kahama, na huko ndiko pa kujazia. Kisima kilicho karibu na mialo ya kuoshea dhahabu kiepukwe kwa sababu zebaki haiondoki kwa kuchemsha maji.

Karatasi nimeziweka nafasi ya pili kwa sababu bodi nzuri yenye kadi mbaya ni nyumba iliyojengwa kwenye kiwanja cha mtu. Gari la shule mara nyingi halimilikiwi na anayeliuza. Kadi inaweza kuwa na jina la shule, la mkurugenzi, la taasisi ya dini, au iko benki kwa sababu mkopo haujaisha. Anayeuza awe na mamlaka ya kuuza, mkataba usainiwe mbele ya wakili, madeni ya faini za barabarani yaangaliwe kabla pesa haijatoka, na umiliki uhamishwe TRA mara moja. Kisha kuna mabadiliko yenyewe. Kadi ina rangi ya gari, namba ya injini, aina ya bodi na idadi ya viti. Ukibadilisha vitu hivyo kwenye gari bila kuvibadilisha kwenye kadi, kila askari wa usalama barabarani atakuwa na swali, na siku ya ajali kampuni ya bima itakuwa nalo pia. Njano lazima iondoke. Hapa kwetu kama Marekani, njano ni ahadi kwa watoto na kwa madereva wengine. Majimbo mengi ya Marekani humlazimisha mnunuzi aifute. Mtu mwenye busara hahitaji kulazimishwa. Na mwenye basi akishaanza kupakia watu kwa nauli, hata wawili wa njiani, amekuwa msafirishaji, na LATRA inahusika.

Wengine watasema kwa fedha hiyo ni heri kujenga. Kwa mtu wa kazi ya mahali pamoja wana haki, na sitabishana nao. Lakini tuchukue mfano wa kikosi cha watu wanne wa kuchimba visima, kila mmoja na chumba cha shilingi 15,000, siku 200 kwa mwaka. Hiyo ni milioni 12, na mwisho wa mwaka hakuna kilichobaki mkononi. Mwaka mmoja hautoshi kununua na kutengeneza basi zuri. Miaka mitatu au minne inaanza kutosha, na basi bado linauzika. Nyumba iliyojengwa kwenye rashi iliyokwisha haiuziki. Bati zake ndizo huuzwa. Pingamizi la barabara lina uzito zaidi. Coaster husukumwa na magurudumu ya nyuma na tumbo lake liko chini. Kwenye mbuga ya Kishapu mwezi Machi itakwama mbele ya macho ya ng'ombe. Anayetaka kufuata kila rashi hadi mdomoni mwa duara anunue lori la Fuso na kulijengea boksi. Basi ni la yule anayepaki kando ya lami na kumalizia safari kwa pikipiki, na lami imeongezeka. Tangu Juni 2025 hata kivuko cha Busisi hakimsubirishi tena mtu wa Mwanza na Geita: daraja la kilometa 3 limeunganisha Kigongo na Busisi. Familia yenye basi hilo inaweza kwenda mapumziko Serengeti kupitia lango la Ndabaka, kazi ambayo hakuna gesti inayoifanya.

Usalama wa usiku ni swali la jamii kuliko la kufuli. Sungusungu walizaliwa katika ardhi hiihii, Kahama na Shinyanga, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kijiji kinachoona gari lenye mapazia limepaki pembeni usiku kina haki ya kuuliza. Mgeni ajitambulishe kwa mwenyekiti au mtendaji kabla jua halijazama, apaki kwenye uwanja wa gesti au kituo cha mafuta, na alipe kidogo. Aliyejitambulisha analindwa na walewale ambao wangemtilia shaka.

Viti vinapong'olewa, visiuzwe vyote. Vibaki vinavyolingana na idadi ya watu watakaosafiri, vikitazama mbele, vikiwa vimefungwa kwa bolti kwenye chuma na mikanda iongezwe kama haipo. Ajali ya basi la shule huko Karatu ya tarehe 6 Mei 2017, iliyoua watu 35, wanafunzi 32 kati yao, iliifanya nchi nzima iyatazame magari haya kwa jicho jingine. Kitanda si mahali pa kukaa gari likitembea.

Kuna wakati mzuri wa kununua. Shule zinafungwa Desemba, mabasi yamepaki, na wenye shule wanapanga gari la Januari. Mwezi huohuo mvua za Shinyanga zimeshaanza. Miadi iwekwe asubuhi baada ya mvua ya usiku, na mnunuzi afike mapema, kabla mlinzi hajapita na tambara. Aanze siti ya nyuma kabisa, chini ya dirisha la kona, aweke kiganja kwenye zulia na kukikandamiza.